Bia ya ladha kwa anayeonja mara ya kwanza: namna ya kuichagua ukiwa Unguja au Pemba

Mtu ambaye hajawahi kunywa bia akifungua friji la baa hukuta chupa zenye picha ya limau, tufaha au tangawizi, na mara nyingi huamini kwamba hizo ndizo nyepesi kwa kuwa ni tamu. Makosa mengi yanaanzia hapo. Picha ya tunda haisemi lolote kuhusu nguvu ya kilichomo. Chupa moja ya limau inaweza kuwa na kilevi cha asilimia 2, na nyingine yenye picha ile ile ikawa na asilimia 5. Kwa hiyo kwanza ijue bia iliyobeba hiyo ladha, kisha ndiyo uiangalie ladha yenyewe.

Tunamwandikia mtu mzima, aliyetimiza miaka 18, aliyeamua mwenyewe kuonja. Asiyetaka kilevi kabisa, naye atapata lake humu.

Ladha imeingiaje ndani ya chupa

Bia ya kawaida ni maji, kimea cha shayiri, hopi na hamira. Kimea kinatoa utamu na rangi. Hopi, ambazo ni maua ya mmea unaotambaa wa nchi za baridi, zinatoa uchungu na harufu. Hamira inakula sukari ya kimea na kuacha kilevi na gesi. Ladha ya ziada huingia kwa mojawapo ya njia nne, na ukiijua njia utajua nusu ya unachokwenda kunywa.

Njia ya kwanza ni kuchanganya bia na kinywaji kitamu chenye gesi. Wajerumani huita mchanganyiko wa bia na soda ya limau radla, na Waingereza wana shandi yao. Kwa kuwa takriban nusu ya chupa si bia, kilevi hushuka hadi asilimia 2 au 2.5. Kwa anayeanza, hakuna pazuri pa kuanzia kuliko hapa.

Njia ya pili ndiyo iliyozoeleka zaidi Afrika Mashariki: bia inakamilika kiwandani, kisha inatiwa ladha na utamu bila kupunguzwa nguvu sana. Flying Fish, iliyoanzia Afrika Kusini, na Serengeti Lemon ya Tanzania bara ziko kwenye kundi la bia za limau ambazo wengi hukutana nazo kwanza. Uchungu umefunikwa, lakini kilevi kinaweza kubaki karibu na kile cha laga ya kawaida, yaani ile bia ya rangi ya dhahabu iliyozoeleka. Ulimi unasema soda, mwili unapokea bia.

Njia ya tatu ni tunda kuchachuka pamoja na bia. Kriek, bia ya Ubelgiji, hulowekwa cheri chachu kwa miezi, na ile ya asili ni kali ya uchachu kweli kweli. Visiwani ni nadra. Ukiikuta hotelini usiifanye kuwa ya kwanza, labda uwe mtu wa kula embe bichi bila chumvi.

Njia ya nne ni viungo kutiwa wakati bia inachemshwa. Bia nyeupe ya ngano ya Ubelgiji huwekwa mbegu za giligilani na maganda ya machungwa machungu. Aina hiyo ilikuwa imekufa mpaka Mbelgiji Pierre Celis alipoirudisha kijijini Hoegaarden katika miaka ya 1960. Ni laini, ina ukungu, uchungu wake ni mdogo, na harufu yake haitamshangaza mtu aliyekulia kwenye nyumba ya pilau.

Hapa lazima tutaje jambo ambalo mtu wa Pemba atalipenda. Bia za ngano za kusini mwa Ujerumani hunukia karafuu na ndizi mbivu, na hakuna karafuu wala ndizi iliyotiwa humo. Harufu zote mbili zinatengenezwa na hamira yenyewe inapofanya kazi. Ukiambiwa na mhudumu kwamba bia fulani ya ngano ina karafuu, pengine anaeleza harufu tu. Angalia orodha ya viambato.

Vitu viwili vinavyokaa friji moja na bia za ladha si bia kabisa. Savanna na Hunter's ni saida, maji ya tufaha yaliyochachushwa, na Savanna Dry ina karibu asilimia 6. Smirnoff Ice nayo si bia. Si kwamba ni vibaya, ila ukianza navyo hutajua lolote kuhusu bia.

Jipime ulimi kabla ya kutoa pesa

Huna haja ya kubahatisha. Vitu ulivyokwishaonja vinatosha kukuelekeza.

Kahawa chungu ya kikombe kidogo, ile inayouzwa mabarazani, unainywaje? Ukiweza kuimaliza bila kashata wala halua, uchungu wa hopi hautakusumbua, na laga nyepesi yenye ladha kidogo itakufaa tangu mwanzo. Ukihitaji kashata kila funda, anza na radla au shandi.

Juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi inakupendeza? Basi tafuta limau au ndimu, na bia nyeupe ya ngano pia itakufaa. Kama kwenye juisi ya miwa huwa unaomba waongeze tangawizi, chagua tangawizi. Muwasho wake unakaa vizuri na uchungu wa bia, na kwa maoni yetu ndiyo ladha inayofanana na bia kuliko zote. Tufaha, pichi na matunda mengine matamu tunayaweka mwisho. Bia ikipata moto kidogo gilasini, ladha hizo huanza kunuka peremende, na mtu huishia kuilaumu bia kwa kosa la kile kilichotiwa ndani yake.

Bia nyeusi iache kwa sasa. Ladha ya kahawa na chokoleti iliyomo kwenye stauti nyingi inatokana na nafaka iliyokaangwa, wala si kitu kilichoongezwa, na inakuja na uchungu mzito.

Soma lebo, piga hesabu

Geuza chupa. Tafuta asilimia ya kilevi, ujazo, tarehe ya mwisho na viambato. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukiona sukari mapema kwenye orodha, jua umeshika kinywaji kitamu sana. Ukiona shayiri au ngano na una mzio wa nafaka hizo, rudisha chupa.

Hesabu ya kilevi ni rahisi na inafaa kuikariri: mililita za chupa zidisha kwa asilimia, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.789, ambao ni uzito wa mililita moja ya kilevi kwa gramu. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 4.5 ina gramu 11.7. Chupa kubwa ya mililita 500 ya nguvu hiyo hiyo, kama bia ya Kilimanjaro, ina karibu gramu 17.8. Bia ya Safari, yenye asilimia 5.5, kwenye chupa ya 500 inafika gramu 21.7. Radla ya 330 yenye asilimia 2 ina gramu 5.2 tu.

Linganisha na kasi ya mwili. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halikubali kuharakishwa kwa kahawa, kuoga maji baridi wala maji ya ndimu. Radla ndogo huisha ndani ya saa moja hivi. Chupa ya 500 ya asilimia 5.5 huchukua saa mbili hadi tatu. Mwenye mwili mdogo, na wanawake wengi, huhisi nguvu zaidi kwa kiasi kile kile kwa sababu maji ya mwili yanayokipunguza kilevi ni machache.

Kwa mara ya kwanza tunashauri jumla isizidi gramu 12, yaani chupa moja ndogo ya kawaida au radla mbili. Kama baa ina chupa za 500 tu, gawaneni wawili.

Kagua chupa yenyewe

Hili watu wengi hulipita, na visiwani lina uzito kuliko bara, kwa sababu ya joto, chumvi ya hewani na safari ndefu ya mzigo.

Tazama kizibo. Ni cha chuma, na hewa ya bahari inakila. Madoa machache ya kutu juu si tatizo. Kutu nene iliyozunguka ukingo inaonyesha chupa imekaa siku nyingi mahali penye unyevu, na gesi inaweza kuwa imeanza kuvuja. Ukiifungua na kusikia mlio hafifu usio na nguvu, irudishe.

Tazama lebo. Ikiwa upande mmoja umepauka, chupa imepigwa jua. Mwanga unavunja viini vya hopi na kuzalisha harufu mbaya, kali, ya mnyama. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, na nyeupe haizuii karibu chochote. Kopo linazuia wote. Kwa hiyo ukiwa Paje au Nungwi, na chupa zimepangwa kwenye rafu inayotazama ufukwe, chagua kopo, au omba iliyokuwa friji la ndani lisilo na kioo.

Joto nalo lina kazi yake bila jua. Bia iliyokaa wiki nyingi kwenye stoo yenye moto hupoteza harufu ya tunda kwanza, kisha huanza kuwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Uvumi kwamba bia ikipozwa, ikapata moto, ikapozwa tena inaharibika papo hapo si kweli. Umeme ukikatika usiku mmoja bia haifi. Kinachoiharibu ni jumla ya muda iliyokaa kwenye joto.

Kopo lililovimba usilifungue. Bia zenye juisi halisi na sukari zina chakula cha hamira, na kama usafi wa kiwandani ulikosewa huendelea kuchachuka ndani ya kopo.

Wapi, na kwa adabu gani

Vileo huuzwa kwenye hoteli, baa na maduka yenye leseni. Unguja chaguo liko zaidi hotelini Mji Mkongwe na kwenye fukwe za watalii. Pemba sehemu ni haba sana, karibu zote ni hotelini, na aina za ladha huwa moja au mbili. Uliza kabla ya kufunga safari. Mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi hufunga au hupunguza saa.

Wakazi walio wengi ni Waislamu. Usitembee na chupa iliyofunguliwa vichochoroni, usikae nayo barazani kwa mtu, na Forodhani nenda ukale, si kunywea bia. Chupa ya kupeleka nyumbani itiwe kwenye mfuko usioonyesha ndani. Uliza bei kabla kizibo hakijang'olewa. Tofauti ya bei kati ya baa ya mjini na hoteli ya ufukweni ni kubwa, na ikishafunguliwa ni yako.

Poza inavyostahili

Bia ya ladha inapendeza ikiwa na nyuzi joto 4 hadi 7. Ikiwa baridi zaidi ya hapo ulimi hufa ganzi, na husikii kitu. Ikipanda juu ya 10, sukari na harufu ya peremende hujitokeza.

Friji la nyumbani linahitaji saa nne kwa chupa iliyokuwa na joto la chumbani. Kama huna muda, chukua ndoo, tia barafu nusu, jaza maji hadi shingo ya chupa, tupia viganja viwili vya chumvi na uizungushe chupa mara kwa mara. Ndani ya dakika 15 hadi 20 iko tayari. Maji ni lazima, kwa sababu barafu peke yake inaigusa chupa sehemu chache tu, na pengine pote ni hewa. Friza ni hatari: bia ya asilimia 5 huanza kuganda karibu na nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, hutanuka na kuipasua chupa.

Usitie barafu gilasini. Inapunguza gesi, inaimwagia maji ladha, na kama barafu ilitengenezwa kwa maji yasiyochemshwa utapata tatizo lisilohusiana na bia.

Kula, mimina, onja

Kula kwanza. Wali na samaki, chapati na maharagwe, chochote chenye wanga na mafuta kidogo, nusu saa au saa moja kabla. Tumbo likiwa tupu kilevi hupita haraka kwenda kwenye utumbo mdogo na kuingia kwenye damu kwa mkupuo, na hapo ndipo mtu anaposema bia moja imemlewesha.

Tumia gilasi, usinywe kwenye chupa. Sehemu ya gesi inatoka wakati wa kumimina, kwa hiyo tumbo halijai upepo, na pua inapata harufu. Gilasi ioshwe na isuuzwe vizuri kwa maji matupu. Sabuni na mafuta huua povu mara moja, na vidole vilivyotoka kwenye samaki wa kukaanga hufanya vivyo hivyo. Iinamishe, mimina ubavuni polepole, na ikifika robo tatu isimamishe umalizie katikati. Povu la vidole viwili linatosha. Bia ya ngano acha kidogo mwishoni mwa chupa, izungushe, kisha mimina. Kile kichache cha chini ni hamira, nacho ndicho kinacholeta ukungu na harufu nyingi.

Funda la kwanza usilihukumu. Mdomo bado una chakula. Kunywa maji, nusa, chukua funda dogo na ulikalishe juu ya ulimi sekunde tatu, meza, kisha subiri sekunde kumi. Uchungu wa hopi huja nyuma na huchelewa, na ndiyo unaokuambia kama kuna bia ya kweli chini ya limau. Rudia mara tatu. Kama kwenye funda la tatu unasikia sukari tu, aina hiyo haitakupeleka popote, na wakati mwingine utachagua iliyo kavu zaidi, yaani isiyo na utamu mwingi. Kama unasikia uchungu tu, shuka kwenye shandi.

Chupa ndogo ichukue dakika 45 hadi 60, na maji kiasi hicho hicho pembeni. Kichwa kuuma asubuhi kunatokana na mengi, lakini kukaukiwa maji kwenye joto la kisiwani hukuongezea maumivu hayo bila sababu. Usiendeshe chombo chochote baada yake, bodaboda ikiwamo. Wala usiingie baharini kuogelea, hata kama miguu yako inakuambia iko sawa.

Shandi ya mezani

Kama baa haina radla, usichukue kilichopo kwa shingo upande. Agiza laga nyepesi na soda, utengeneze yako. Soda ya limau kama Sprite inafaa. Stoney Tangawizi inafaa zaidi, na ni mchanganyiko tunaoupenda kuliko bia nyingi za ladha zilizotoka kiwandani, kwa sababu unaipima mwenyewe.

Vyote viwili viwe baridi. Tia mililita 200 za soda kwenye gilasi iliyoinamishwa, kisha mililita 100 za laga ya asilimia 4.5 ubavuni. Utapata kinywaji cha asilimia 1.5. Soda itangulie: gesi yake ikipanda juu ya bia huinua povu mpaka linamwagika. Usikoroge, mimina tu. Gilasi inayofuata, kama ipo, iwe nusu kwa nusu, ambayo ni asilimia 2.25. Siku nyingine panda hadi sehemu mbili za bia kwa moja ya soda, asilimia 3. Hivi ulimi unauzoea uchungu hatua kwa hatua, na wengi wakifika hapo hugundua soda imekuwa tamu kupita kiasi kwao.

Ndimu mbichi ni nzuri, kijiko kimoja cha chai kwa chupa ya 330. Ikizidi, povu linaanguka na kiungulia kinakuja. Kipande cha ndimu kisisukumwe ndani ya chupa bila ganda kuoshwa. Usichanganye bia na kinywaji cha kuongeza nguvu: kafeini inakufichia ulevi, haiupunguzi.

Bila kilevi kabisa

Maduka mengi ya visiwani yana vinywaji vya kimea vya asilimia 0.0, Bavaria yenye ladha ya tufaha ikiwa mfano. Vina harufu ya nafaka na uchungu kidogo, na kwa anayetaka kujua kimea kina ladha gani vinatosha. Soma tarakimu kwa makini. Katika nchi kadhaa za Ulaya kinywaji huruhusiwa kuitwa kisicho na kilevi hata kikiwa na asilimia 0.5. Kwa Mwislamu anayejihadhari, kwa mjamzito, na kwa aliyeacha pombe, tofauti kati ya 0.0 na 0.5 ni kubwa. Mwenye kisukari asidhani sifuri hiyo inahusu sukari. Vingi vina sukari ya kutosha, na imeandikwa nyuma.

Wasiopaswa kuonja hata kidogo

Mjamzito. Anayetumia metronidazole, maarufu kama Flagyl, wakati wa dozi na siku tatu baada yake. Anayetumia dawa za kifua kikuu, kwa kuwa ini tayari lina mzigo. Aliyemeza dawa ya mafua inayoleta usingizi kama Piriton. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze bila kumuuliza daktari, maana kilevi kinaweza kuishusha sukari saa nyingi baadaye, akiwa amelala. Mwenye vidonda vya tumbo ataumizwa na asidi ya limau na gesi hata kabla ya kilevi.

Iliyobaki

Bia iliyofunguliwa hailali. Baada ya saa chache gesi imetoka, na kesho yake ni maji matamu yenye uchungu. Ikibaki mililita 200, koroga na gramu 150 za unga wa ngano, chumvi na bizari kidogo, uchovye vipande vya samaki na kukaanga. Mafuta yawe ya moto wa wastani, kwa sababu sukari ya bia ya ladha inababua ganda kabla samaki hajaiva ndani. Kilevi hakitoki chote kikaangoni, kwa hiyo mgeni yeyote atakayekaa mezani aambiwe mapema kilichomo, kabla hajanyoosha mkono.